Maneno Matatu ya Mjomba

Ndugu Mhariri alipotutaka wanafunzi wa Kidato cha Sita tuandike juu ya jambo tulilojifunza nje ya darasa, wenzangu wengi walichagua safari ya Serengeti au kilimo cha pamba. Mimi nina habari moja tu, nayo yanitia haya kidogo, maana yahusu matusi, tena yamhusu mjomba wangu. Nimemwomba ruhusa. Alicheka akasema, "Andika, mwanangu, ila lile neno la tatu usiliandike."

Ilikuwa Jumapili ya kurudi shule. Mjomba ni mwendesha pikipiki, na ndiye aliyenisomesha tangu darasa la kwanza. Alinipakia pamoja na tranka langu na godoro, na juu ya tranka tukamfunga jogoo wa kumpelekea shangazi anayekaa Somanda. Tukashika barabara ya Lamadi kuja Bariadi.

Njiani, mahali ambapo sitapataja, askari kijana alitusimamisha. Mimi sikuvaa kofia ngumu. Hilo lilikuwa kosa, wala sina haja ya kulitetea. Lakini asubuhi ile ile mjomba alikuwa amekwisha kusimamishwa pale pale na askari mwingine kwa kumpakia abiria asiye na kofia. Aliandikiwa faini, na karatasi yake ilikuwamo katika mfuko wa shati. Zamu ilikuwa imebadilika, na yule kijana hakujua lolote.

Mtu mwenye utulivu angetoa karatasi. Mjomba hakuitoa. Alishuka, akapaza sauti mbele ya watu waliokuwa wakingoja magari na akina mama wauza viazi, akasema maneno matatu. La kwanza, "Faini hii nimekwisha kuandikiwa leo asubuhi!" La pili, "Nyinyi mnakula jasho letu!" La tatu lilimhusu mama yake yule askari. Watu walicheka sana. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu kazi, maana askari alikuwa ameanza kusikiliza lile la kwanza, na watu walipocheka uso wake ukafunga.

Hapa sina budi kuwaeleza wasomaji waliotoka mikoa mingine kwamba mjomba wangu ni mpiga ngoma wa Bagalu. Kwetu Usukumani kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagalu na Bagika, na baada ya mavuno hushindana. Manju wa upande mmoja humwimba mwenzake kwa dhihaka na matusi ambayo nje ya uwanja yangeleta fimbo, na aliyeimbwa hana ruhusa ya kukasirika, bali hutafuta wimbo mkali zaidi. Mjomba amekulia katika mambo hayo. Pale barabarani aliona watu wamekusanyika na wanacheka, akafikiri yuko uwanjani. Lakini askari hakuwa Mgika, wala hakuwa na ngoma ya kujibia.

Tulipelekwa kituoni, sisi na jogoo wetu. Niliulizwa niliyoyasikia, nikapewa karatasi niandike maelezo. Basi mimi, niliyefundishwa kwamba mtoto mwenye adabu hatamki maneno ya aibu mbele ya wakubwa, niliandika mstari mmoja tu: "Mjomba alimtukana askari." Nikatia sahihi. Yule askari naye alikuwa ameandika hivyo hivyo. Mjomba akavuliwa mkanda na viatu, akaingizwa ndani, nami nikaambiwa niende shuleni. Usiku ule sikulala. Niliona kwamba ni mimi niliyemfunga, tena kwa adabu yangu.

Asubuhi mwalimu wa zamu alinipa ruhusa nikarudi. Siku hiyo zamu ilikuwa ya sajini mmoja mtu mzima, mwenye miwani. Nilimwamkia, nikamwambia maelezo yangu hayakutimia. Alisoma ule mstari mmoja, akanitazama juu ya miwani.

"Kijana," alisema, "umeandika kwamba alitukana. Hayo ni maoni yako. Mimi nataka maneno aliyoyasema. Kama ni tusi au si tusi, hilo wataliona wengine."

Nikaandika yote matatu, moja chini ya jingine, mkono ukitetemeka nilipofika la tatu. Sajini alilisoma la kwanza, akaagiza shati la mjomba litazamwe, karatasi ya faini ikaonekana. Alilisoma la pili, akanyamaza. Alilisoma la tatu, akalipigia mstari chini kwa kalamu nyekundu. Kisha akawaita mjomba na yule askari kijana.

Maneno ya yule kijana sitayasahau. Alisema, "Mimi kutukanwa nimezoea, Afande. Lakini mama yangu hakuwapo barabarani pale." Mjomba aliinamisha kichwa. Aliomba radhi kwa neno la tatu, tena kwa dhati. Sajini akamwuliza, "Na hili la pili?" Mjomba akajibu, "Hilo, Afande, nililisema kwa hasira, lakini ndivyo ninavyoona." Nilidhani atarudishwa ndani. Sajini alikunja karatasi akasema, "Kuona kwako siwezi kukufunga. Siku nyingine anza na karatasi ya faini." Tukatoka. Jogoo walikuwa wamemlisha.

Jambo lile lilinikaa moyoni hata chama chetu cha mdahalo kilipotafuta mada, nami nikapendekeza hii: "Askari hana haki ya kumkamata mtu kwa kumtukana." Mwalimu wa Uraia alitusomea sheria. Katiba yetu, ambayo haki za binadamu zilitiwa ndani yake mwaka 1984, inasema katika ibara ya 18 kwamba kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, na ibara ya 30 inasema uhuru huo usitumike kuvunja haki za wengine. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inamtisha kwa kifungo cha miezi 6 mtu anayemtolea mwingine matusi kwa namna iwezayo kuleta uvunjaji wa amani. Msichana mmoja wa Kidato cha Tano akainuka akauliza, "Na askari akimtukana raia?" Watu waliguna. Mwalimu akasoma tena polepole: kifungu kile kinasema mtu yeyote, wala hakikutaja kazi ya mtu wala sare yake.

Wengine walisema jambo hili lisingetokea katika nchi zilizoendelea. Hasha! Huko nako wamelishindania kwa miaka mingi. Mwaka 1940, katika mji wa Rochester, jimbo la New Hampshire, Marekani, mhubiri mmoja wa Mashahidi wa Yehova, jina lake Walter Chaplinsky, alimwita mkuu wa askari wa mji tapeli na Mfashisti. Mwaka 1942 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema maneno kama hayo, ambayo kwa kutamkwa tu huchochea ngumi, hayalindwi na uhuru wa kusema. Lakini mahakama hiyo hiyo, mwaka 1987, ilikuwa na kesi ya mtu mmoja wa Houston, Texas, aitwaye Hill, ambaye mwaka 1982 aliwapigia askari kelele wamwache rafiki yake, wamtafute mtu wa kimo chao. Mji ule ulikuwa na sheria ya kumshtaki mtu anayemkatiza askari kazini. Mahakama ikaitangua, ikasema kwamba askari aliyefunzwa kazi anatazamiwa kuwa na kifua kipana kuliko mtu wa kawaida, na kwamba raia kuweza kumpinga askari kwa maneno bila kuogopa kukamatwa ni alama ya nchi huru.

Mimi ninaipenda hukumu hii ya pili, ingawa mwenzangu mmoja alinikumbusha kwamba yule Hill hakumtaja mama wa mtu.

Na kwetu je? Mwaka 1958, kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika katika kijigazeti cha chama, Sauti ya TANU, maneno makali juu ya wakuu wa wilaya wawili wa Serikali ya kikoloni. Alishtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu. Wakili D. N. Pritt alikuja kutoka Uingereza kumtetea, lakini alitiwa hatiani, akaambiwa alipe Shs. 3,000/- au afungwe miezi 6. Akalipa. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Mwalimu hakusimama barabarani kutukana. Alisema watumishi wa Serikali wanawatendea watu isivyo haki, na Serikali ikaliita neno hilo kashfa. Kwa hiyo mjomba anapowaambia askari kuwa wanakula jasho letu, hata kama amekosea, hata kama askari yule hajawahi kula senti ya mtu, neno lake lina ndugu wenye heshima. Ni lalamiko. Tukiliweka katika fungu moja na lile la tatu, kwa sababu tu yametoka katika kinywa kimoja kwa sauti moja kubwa, basi mwenye sare atakuwa na dawa rahisi ya kila lalamiko: ataandika kwenye maelezo "alinitukana," na atatokea mtoto mwenye adabu kama mimi atie sahihi.

Katika mdahalo ule upande wangu ulishindwa kwa kura nyingi. Nadhani ni kwa sababu nilikataa kulitaja neno la tatu, na wasikilizaji wakafikiri ninaficha jambo kubwa zaidi.

Likizo ilipofika mjomba alinijia. Safari hii alikuwa na kofia ngumu mbili, yangu ikinipwaya hata nikaona nusu ya barabara tu. Tulipofika mahali pale pale, yule askari kijana alisimama katikati ya njia, akainua mkono. Mjomba alizima pikipiki, akatoa leseni na karatasi zote kabla hajaulizwa.

Askari alizitazama moja moja, bila haraka. Kisha akauliza, "Mzee, bado tunakula jasho lenu?"

"Bado, Afande," alisema mjomba. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Haya, piteni."