Barua kutoka Virginia: saa 42 za wote, zilizobaki za kalamu

Barua ya safari hii haihusu theluji, wala kodi ya nyumba, wala nani kapata makaratasi. Inahusu shamba moja katika wilaya ya Louisa, kati ya Richmond na Charlottesville, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Washington. Udongo wake ni mwekundu, Mto South Anna unapita jirani, na watu wazima wapatao 90 wanaishi hapo pamoja na watoto wao bila hata mmoja kupokea mshahara wake peke yake. Mahali hapo panaitwa Twin Oaks.

Kwa nini shamba hilo limhusu Mswahili? Kwa sababu anayetua Marekani na kipaji chake cha utenzi, uchoraji au gitaa hachelewi kujua kitakachokimaliza. Si njaa, ni zamu. Mchana anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, usiku anabeba abiria kwa kuitwa na simu, na daftari la mashairi liko chini ya kitanda, linapata vumbi. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu hakijasogea tangu 2009: dola 7.25 kwa saa. Majimbo kadhaa, Virginia likiwamo, yanalipa zaidi ya hapo, lakini mwenye nyumba naye hakulala. Halafu kuna bima ya afya, ambayo kwa wengi huja pamoja na ajira. Ukiacha kazi ili uandike riwaya, umemwacha na daktari.

Twin Oaks wamelikabili jambo hilo kwa hesabu. Kila mtu anatakiwa kutoa saa zipatazo 42 kwa wiki. Ukizisikia harakaharaka utauliza, sasa hiyo si kazi kama kazi nyingine tu? Siyo, kwa sababu ndani ya saa hizo mna kupika, kufua, kukamua ng'ombe, kupalilia, kulea watoto, kutunza vitabu vya hesabu, hata baadhi ya vikao. Mfanyakazi wa mjini akimaliza saa zake 40 za ofisini, sahani zinamsubiri nyumbani na hakuna anayemhesabia.

Chombo chenyewe ni karatasi. Kila mwanajumuiya ana yake ya wiki, yenye siku zilizopangwa na kazi zilizojazwa kufuatana na alichoomba, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuoanisha maombi ya wote ili mbuzi wa mmoja asiangukie shamba la mwingine. Zamani waliwahi kuzipa bei tofauti: kazi isiyopendwa ilikuwa na alama nyingi kuliko inayogombewa. Waliacha. Leo saa moja ya kusugua masufuria ni sawa na saa moja ya kompyuta, na hapo wasomi kadhaa hushtuka.

Kwa saa hizo mtu hupata chumba chake mwenyewe (jiko na bafu ni vya nyumba nzima), chakula, matibabu, gari la pamoja la kuazima, na posho ya mfukoni ya kama dola mia na ushei kwa mwezi. Nguo nazo ni za wote kwa anayetaka. Kuna chumba kimejaa mashati, makoti na suruali zilizopangwa kwa vipimo. Unachukua, unavaa, unatupia kwenye kapu la kufuliwa, kesho kutwa shati lako liko mgongoni kwa jirani.

Sasa ndipo kalamu inapoingia. Uimbaji, uchoraji na ushairi havihesabiwi kuwa kazi. Anayetarajia kulipwa saa kwa kutunga atarudi mapema. Lakini saa zinazozidi kiwango huwekwa akiba na kugeuka likizo. Mtu anaweza kukaza msuli majira ya joto, kisha akajifungia na muswada wake wakati wa baridi huku chakula kikiendelea kuwapo mezani na daktari akiendelea kulipwa. Wengine huandika kilekile wanachokifanya: Pam Dawling, aliyesimamia bustani ya mboga ya jumuiya kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2013 kitabu kinene kuhusu kilimo cha mboga kinachotumiwa na wakulima wa nje ya shamba hilo.

Fedha zinatoka wapi? Kwa miongo mingi zilitoka kwenye bembea za kamba za kulalia, zile zinazotundikwa baina ya miti miwili. Ni kazi ya mikono inayomfaa mwenye kichwa kilichojaa mambo: unasuka huku unazungumza, au unasikiliza muziki, au unatunga kimoyomoyo, kwa saa utakayo. Mnunuzi mkubwa alikuwa kampuni ya maduka ya Pier 1 Imports. Biashara na kampuni hiyo ilipokatika mwaka 2004, jumuiya iliegemea zaidi tofu wanayoitengeneza kwa soya, na kutayarisha faharasa za vitabu vya watu wengine. Machi 2024 moto wa nyika uliteketeza ghala na karakana zao, na bembea zikaishia hapo. Tofu bado ipo.

Historia yao ina tarehe itakayomshtua Mtanzania. Walianza tarehe 16 Juni 1967, miezi minne tu baada ya Azimio la Arusha. Waasisi walikuwa wanane, na maarufu kuliko wote ni Kat Kinkade, karani wa Los Angeles aliyekuwa akilea mtoto peke yake, aliyeisoma riwaya ya mwanasaikolojia B. F. Skinner, Walden Two ya mwaka 1948, akaamua kuiishi. Kwenye riwaya watu hufanya kazi saa nne kwa siku. Shambani, ambako ng'ombe anakamuliwa kwelikweli, saa zilikuja kuwa nyingi zaidi. Kinkade aliandika vitabu viwili kuhusu jaribio hilo, na hakuficha uvivu, ugomvi wala watu waliofungasha na kuondoka. Yeye mwenyewe aliondoka baadaye, akanunua kijumba karibu na hapo. Alipougua saratani jumuiya ilimpokea tena, akafia mikononi mwao mwaka 2008.

Mtu atauliza: kwa nini wao wangali wapo, na vijiji vyetu vya ujamaa je? Jibu la mkato ni hiari. Twin Oaks hakuna aliyepelekwa kwa lori. Lakini haki isemwe: na kwetu hiari ilikuwapo. Litowa na vijiji vingine vya Ruvuma vilijianzishia kazi ya pamoja na shule yao wenyewe, chini ya Ruvuma Development Association, mpaka TANU ilipoivunja mwaka 1969. Amri ya kuhamia vijijini ilikuja baadaye, miaka ya 1970. Kinachokumbukwa zaidi leo ni hiyo amri.

Hata hivyo, Mswahili akiipiga hesabu ya Twin Oaks upande wake, inamgomea mahali pamoja: Western Union, pa kutuma fedha nyumbani. Hapo shambani wengi ni Wamarekani weupe, na posho ya dola mia inamtosha mtu ambaye hana ada ya mdogo wake wa kulipa, wala mama anayesubiri dawa za presha. Umaskini wa kujichagulia unamfaa zaidi asiyetegemewa. Sisi wa ughaibuni tumekwisha kuwa wanajumuiya wa jumuiya nyingine, ya damu, isiyo na karatasi ya saa wala likizo, na ndiyo inayokula usiku wetu wa kuandika. Kwa maoni ya safu hii, hapo ndipo penye somo la kuiba: si shamba, ni karatasi. Nyumba moja ya Waswahili watano huko Maryland wanaogawana kodi inaweza pia kugawana zamu ya jikoni na ya watoto kwa hesabu ya wazi, ili kila mmoja abakiwe na jioni mbili ambazo hakuna wa kumwita.

Anayetaka shamba lenyewe ajue utaratibu. Hakuna kuomba uanachama kwa barua tu. Unakuja kama mgeni, unakaa wiki tatu ukifanya kazi kama wao, kisha unaondoka, na wenyeji hutoa maoni yao wakati hupo. Mwenye viza ya kazi inayomfunga kwa mwajiri mmoja asithubutu, maana akiiacha kazi viza nayo inaondoka. Wenye makaratasi kamili wanaweza kuomba nafasi.