Divai Tuwaachie, Moto Tuuchukue

Baadhi ya karamu za Ulaya hufunguliwa kwa kamba waliopikwa ndani ya divai nyeupe yenye maganda ya limau na chungwa, wakapozwa na kuliwa kwa vidole kabla ya chakula chenyewe kufika. Mtu wa Kahama au Geita akisikia pishi hili huhesabu kwanza asichonacho. Kamba wa Rufiji wako mbali zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na wale wa Ziwa Victoria, wa sentimita mbili hivi, hunaswa pamoja na dagaa na ni wadogo mno kwa kazi hii. Divai ya Dodoma ipo madukani, ila ni ya kunywa. Mimi naona kinachofaa kuazimwa hapa ni moto wao, kwa samaki wetu.

Wapishi wa Ulaya huchemsha divai, maji, chumvi, pilipili manga na maganda kwa robo saa, kisha hupunguza moto mpaka sufuria itoe mvuke bila kutokota, ndipo hutia kamba. Baada ya dakika mbili tatu wamegeuka rangi ya waridi, wanaopolewa. Nyama ya kamba au samaki ikizidishiwa joto hujiminya, maji yake yakatoka, ikabaki kavu na ngumu. Nyumbani tunamkamulia sato ndimu akiwa mbichi, kisha tunamkaanga mpaka akauke au tunamchemsha kwa moto mkali. Ndimu hiyo ina maana yake: tindikali hubana shombo, kazi ileile inayofanywa na divai. Lakini harufu tamu ya chungwa imo kwenye mafuta ya ganda, na ganda sisi huwa tunatupa.

Atakayepinga ataanza na usalama: sangara aliyetoka mwalo wa Nkome, Ziwa Victoria, hadi Shinyanga kwa barafu kidogo anadai moto mkali. Samaki aliyeanza kuharibika, hata huo mkali haumfanyi salama. Ambaye hajaharibika, kipande chake cha unene wa vidole viwili kikae dakika nane hadi kumi, mpaka nyama iachane tabaka na katikati pawe peupe kabisa. Kuhusu divai, Waislamu, Wasabato na walokole wana haki ya kukataa, na wasidanganywe kwamba pombe yote huishia motoni. Hata baada ya robo saa ya kuchemka, sehemu yake hubaki. Maji, ndimu, tangawizi na ganda la chungwa vinatosha.

Halafu kuna mkaa. Shinyanga iliwahi kupoteza miti kiasi cha serikali kuanzisha mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) mwaka 1986, na ngitili za Wasukuma, yaani maeneo ya malisho yaliyotengwa, zikarudishwa kwa jasho la miaka mingi. Pishi ambalo maji yakishachemka unavuta makaa pembeni na kufunika sufuria linastahili kusikilizwa zaidi huko kuliko Paris. Ataulizwa tu mpishi: na ugali utaliwa na nini, kama samaki amekuja mkavu kwenye sahani? Maji yale yamebeba utamu wa samaki. Yachujwe, ganda litolewe lisitie uchungu, kisha yamiminwe kwenye kitunguu na nyanya zilizokaangwa. Huo ni mchuzi tayari.