Safari Rally na Mfuko wa Mtazamaji wa Magharibi

Kutazama mbio za magari Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, hakukuhitaji tiketi kwa miaka mingi. Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalipita katika barabara za umma za Kenya, Uganda na Tanganyika. Barabara hizo hazikufungwa. Magari ya mashindano yalipishana na malori, mabasi na mifugo, na kwa kuwa hapakuwa na ukuta wala lango, hapakuwa na wa kutoza kiingilio.

Mashindano yalizoeleka kufanyika msimu wa Pasaka, shule zikiwa zimefungwa na masika yakianza. Watu wa vijijini walitembea hadi barabarani, wakabeba chakula cha nyumbani na kusubiri saa nyingi kwa ajili ya gari lililopita kwa sekunde chache. Redio iliwaeleza nani anaongoza. Watoto waliunda magari ya waya na kujiita Joginder Singh, mshindi wa mwaka 1965, 1974 na 1976, au Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano. Gharama yote ilikuwa muda na miguu.

Uganda na Tanzania zilipoachwa nje ya njia katika miaka ya 1970, mashindano yalibaki Kenya, na milima ya Cherang'any, jirani ya Kitale, iliendelea kuwapima madereva. Baadaye njia ilifupishwa. Safari Rally iliondolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, na iliporudi mwaka 2021 makao yake yakawa Naivasha. Sasa magari hushindana katika vipande vifupi vya barabara vilivyofungwa, kwa ajili ya usalama, na hurudi kutengenezwa mahali pamoja.

Hapo ndipo gharama ilipobadilika. Kitale iko karibu kilomita 300 kutoka Naivasha, na Bungoma ni mbali zaidi. Shabiki hulipa nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha siku tatu au nne na malazi, katika wiki ambayo vyumba vya Naivasha hupanda bei. Vijana huchanga wakakodi matatu na kulala kwenye mahema. Wazee na wenye watoto wadogo hutazama kwenye televisheni.

Mbio za ndani ya ukumbi, kama Chili Bowl ya Tulsa, Marekani, haziwezi kukosa tiketi, kwa sababu ukumbi una mlango. Mbio za Afrika Mashariki zilikua bila mlango, na umaarufu wake ulijengwa na watu wa kando ya barabara. Waandaaji wa mbio za kitaifa wanapaswa kuzileta tena Kitale na Bungoma, ili mtoto asiye na nauli naye aone gari likipita.