Herufi Moja ya Bibi

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka kama yalivyotoka, na mie nikabaki barazani Mkunazini na daftari la riwaya isiyokwisha. Ndipo mjomba akanipatia kibarua cha kompyuta kwa jumuiya moja, jina lake naliweka kando. Walikuwa na orodha mbili za wazee wa shamba: moja ya waliopimwa afya, nyengine ya wanaostahiki futari ya Ramadhani. Kazi yangu kuzikutanisha. Asiyeonekana kote kuwili, akatwe.

Basi msomaji, usidhani kompyuta inasoma kama wewe. Programu ile ilitumia kipimo cha Gower, Mwingereza aliyekitoa mwaka 1971. Kwa umri kipimo hicho ni muungwana: miaka 70 na 71 ni majirani. Lakini neno halina ujirani. Likilingana herufi kwa herufi, umbali ni 0. Likitofautiana hata kidogo, ni 1. Kwa hiyo Khamis na Hamis wako mbali sawasawa na Khamis na Zuwena! Hata "Makunduchi" iliyoachiwa nafasi tupu mwishoni huhesabiwa kijiji chengine. Mie sikuyajua hayo. Nilibonyeza, nikakata, nikenda zangu Forodhani kula urojo.

Juma la pili bibi akaja mjini kwa daladala.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wenzangu wamepewa unga na tende, mie naambiwa simo. Kwani mie si mtu?"

Jina lake Mwanakhamis. Kwenye orodha ya pili karani kaandika Mwanahamisi. Aliyemkata ni mie, kwa kidole changu hiki. Siku ile sikumwambia.

Nikaanza kutafuta dawa. Nikakutana na Soundex, ya Mmarekani Robert Russell, ya mwaka 1918, ambayo huacha herufi ya kwanza na kugeuza zilizobaki kuwa tarakimu. Khamis akatoka K520, Hamis H520. Wapi! Bwana yule hakuwawazia watu wa Unguja. Kisha Levenshtein, Mrusi, 1965: yeye huhesabu herufi za kutoa, kutia na kubadilisha. Mwanakhamis, toa k, tia i mwishoni: hatua 2. Nikamwona bibi!

Lakini raha haikudumu. Salim na Salum ni hatua 1 tu, nao ni ndugu wa nyumba moja. Katika riwaya yangu Salim ndiye anayekwenda Maskati, Salum ndiye anayebaki na mama. Ukiwachanganya hao hakuna hadithi. Ikabidi nitazame pia jina la baba na la babu, umri na kijiji, na waliokaribiana niwasome mwenyewe kwa macho, mmoja mmoja, usiku, umeme ukikatika na kurudi. Nikapata 19. Mkubwa wangu alinuna, lakini aliwarejesha.

Ijumaa nikenda shamba, nikamweleza bibi kuwa aliyemkata ni mie. Alinyamaza kimya. Kisha akavuta mkeka, akasema:

"Haya, liandike vizuri, nikuone."

Nikaandika Mwanakhamis. Hajui kusoma. Aliitazama karatasi ile muda mrefu, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.