Mumi wa Mama

Kwa miaka mingi mama aliuza omena katika soko la Keroka bila kuwahi kumwona samaki aliye hai. Mzigo ulifika kwa magunia kutoka pande za Homa Bay na Kendu Bay, naye akaupima kwa gorogoro. Angetia kiganja guniani, akausugua kidogo kati ya vidole, kisha akakuambia kama omena hiyo ilianikwa juu ya nyavu au juu ya mchanga mtupu. Ikiwa ya mchangani, bei ilishuka papo hapo na mwenye gunia alijua hana la kujitetea. Lakini omena ikiwa majini, inaogelea? Hilo halikumshughulisha. Kwetu Nyamira, samaki alikuwa kitu kikavu. Maji yetu yalishuka ziwani kupitia mto Gucha, unaoanzia vilima vya Kiabonyoru, na samaki wakatupandia wakiwa wamekauka.

Ndiyo maana safari ya shule ya mwaka 1986 ilinivuruga akili. Tulipelekwa Kisumu kuona makumbusho, yaliyokuwa yamefunguliwa 1980. Wenzangu walikimbilia nyoka na mamba. Mimi nilinasa kwenye matangi ya samaki. Nyuma ya kioo kulikuwa na ngege mmoja aliyefungua na kufunga mdomo kama mzee anayehesabu hela kimoyomoyo, na sikubanduka mpaka mwalimu aliponivuta sikio. Kwa Ekegusii ziwa na bahari vyote huitwa enyancha, kwa hiyo nilirudi nyumbani nikitangaza kwamba nimeona bahari na wanyama wake. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza walikuwa wakiuzwa bei gani.

Miaka ikapita. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kufufua uchumi, na sehemu yake ilikuwa kuchimba mabwawa ya samaki: mabwawa 200 katika kila eneo bunge lililochaguliwa, kila moja la mita 300 za mraba, na vifaranga 1,000 vya ngege. Letu lilichimbwa bondeni, mahali palipokuwa na mikalitusi. Watoto wangu wawili wakakua wakilisha samaki kama wengine wanavyolisha kuku. Walijua kurusha pumba upande wa upepo. Walijua pia kumfukuza mdiria, ingawa mdiria ndiye aliyeshinda siku nyingi.

Samaki wenyewe walitutia aibu. Maji ya milimani ni baridi, na ngege hupenda joto, hivyo hawakui haraka. Kuzaana, hata hivyo, hawakungoja joto. Baada ya miezi tisa tulivuta wavu tukapata mamia ya visamaki vya ukubwa wa kidole gumba, vyote vikigombea chakula kilekile. Afisa wa uvuvi alichungulia ndoo, akacheka, akatuambia dawa yake ni rahisi: tieni mumi wachache, watakula vifaranga vya ziada, na waliobaki watanenepa.

Mama alikataa katakata. Yeye ni Msabato wa kizazi cha pili, na Walawi sura ya 11 anaijua kuliko namba ya kitambulisho chake. Mumi hana magamba. Asiye na magamba haliwi, na asiyeliwa ana kazi gani katika shamba la Mkristo? Afisa alijaribu kueleza kwamba hakuna anayemlazimisha kumla. Mama akamkaribisha chai.

Mwaka 2012 watoto walitaka Mombasa. Walikuwa wameona kwenye televisheni mashua zenye sakafu ya kioo, na samaki wa rangi wakipita chini ya miguu ya watalii. Nilipiga hesabu ya nauli, nikawaambia enyancha ni enyancha, tunaenda Kisumu. Tukapanda matatu siku ya Jumapili, kwa sababu Jumamosi haiguswi, na mama akaja nasi akiwa na chupa ya chai na ndizi za kuchemsha.

Niliwafikisha watoto mbele ya matangi nikingoja washangae kama nilivyoshangaa mimi. Mdogo alitazama kwa muda wa kumeza mate. "Si hawa ni kama wetu?" akasema. "Wetu ni wengi." Wakaenda kwa mamba. Nilibaki na hasira ya kipumbavu, ya mtu aliyebeba zawadi njia nzima akakuta mwenyewe anayo tayari.

Nilipogeuka, mama alikuwa ameinama mbele ya tangi la mwisho, leso imeshuka begani. Ndani yake mumi mweusi, mrefu kama mkono wangu, alikuwa akitembea sakafuni taratibu, sharubu zake zikipapasa kila kijiwe kabla ya kukivuka. Akafika kwenye kioo, akakipapasa nacho. Mara akapanda juu, akameza hewa, akarudi chini kuanza upya pale pale alipoachia. Mama hakusema neno kwa muda mrefu.

"Huyu haoni," alisema hatimaye.

"Anaona kidogo, mama. Sharubu ndizo zinazomwonyesha njia."

"Anapima," akasema, na vidole vyake vikasuguana vyenyewe.

Baadaye alimwuliza mhudumu omena wako wapi. Yule kijana akamwambia omena hawadumu kwenye tangi, wakitolewa ziwani hufa upesi mno. Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa habari za jamaa.

Wiki mbili baadaye nilimkuta amesimama kando ya bwawa na afisa wa uvuvi, ndoo ikiwa kati yao, maji yakitikisika ndani.

"Kumi tu," alikuwa akimwambia. "Wafanye kazi yao. Lakini sufuria yangu wasiijue."