Sikinde Wakija Masasi na Newala, Listi Yangu Ndiyo Hii

Wadau, binamu yangu ni mtu wa Metallica. Juzi tukiwa Masasi kanichosha na listi ya nyimbo ambazo angetaka wapige siku wakitua Bongo: wanafungua na hii, wanafunga na ile. Nikamwambia poa, na mimi nina ya kwangu, na bendi yangu ni kongwe kuliko yako. Metallica walianza 1981. Mlimani Park, wale wa Sikinde ngoma ya ukae, walianza 1978. Akacheka. Cheka tu.

Shoo zangu ni mbili, Masasi halafu Newala, mwezi wa Novemba, hela za korosho zikiwa zimeingia. Usiniletee shoo ya Machi huku, utaimbia viti.

Masasi wanafungua na "Neema", watu bado wanatafuta soda na pa kukaa. Inafuata "Hiba", halafu "Majirani Huzima Redio", maana ugomvi wa chumbani hata sisi wa Bongo Fleva tunauelewa. Sharti langu moja tu: wasikate nyimbo. Siku hizi bendi ikialikwa inakupa dakika tatu, ubeti na kiitikio, kwaheri. Wimbo wa Sikinde unakusimulia kwanza, tarumbeta zinajibu, ndipo magitaa yanabadilika na chemko linaanza. Ukikata kabla ya chemko umeepua ugali ukiwa bado uji.

Nikapanda Newala kumwonyesha mjomba. Yeye ndiye aliyeniambukiza hii bendi. Miaka ya themanini alikuwa anafanya kazi Dar, na Jumamosi humkosi DDC Kariakoo. Leo magoti yamegoma, muziki anausikia redioni tu. Kusema ukweli, shoo ya Newala niliiweka kwa ajili yake.

Akavaa miwani, akasoma polepole. Kwenye "Nalala kwa Taabu" akaguna kwa kuridhika. Kisha akauliza, "Sehemu za Gurumo ataimba nani?"

Muhiddin Gurumo alifariki Aprili 2014. Shaaban Dede naye akafuata Julai 2017. Nikamjibu watatafutwa vijana wanaojua kuwaigiza.

"Hapana, mpwa wangu. Usimwigize marehemu mbele ya watu waliomcheza akiwa hai. Maiki iachwe, tarumbeta zipige sauti yake."

Sikuwa nimewaza hivyo. Nikafuta.

Alipofika ya mwisho, "Talaka ya Hasira", akanirudishia karatasi. "Hii toa."

Nikabisha kama mjinga. Nikamwambia mjomba, hii ndiyo inaamsha watu, utafungaje shoo ya Sikinde bila hii? Akanyamaza. Nami katikati ya kubisha ndipo nikakumbuka. Mke wake wa kwanza. Jioni moja tu, maneno mawili matatu, akampa talaka, na asubuhi yule mama akashuka na mzigo wake kurudi kwao Masasi. Kwetu hakuna anayesimulia kisa chenyewe. Tunachojua ni kwamba mjomba akiwa na shida Masasi humtuma mtu.

"Niitoe kabisa, mjomba?"

Akaangalia kule Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma lilikuwa limeshaanza kuingia giza.

"Huku Newala toa. Masasi waipige. Waipige yote, mpaka chemko."

Basi nimehamisha. Masasi sasa inafungwa na "Talaka ya Hasira". Newala inafungwa na "Barua Kutoka kwa Mama", na wazee wakilia wasinilaumu. Binamu anasema Masasi nimeipendelea, yeye hajui kitu.

Jana usiku mjomba kanipigia. Kaulizia korosho, kaulizia kazi, kazunguka weee. Mwisho akauliza, hivi siku ya hiyo shoo ya Masasi, gari la mwisho kurudi Newala linaondoka saa ngapi?