Siku Mbili Pangani

Mwaka 1984 nilikuwa na miaka 11. Bibi aliuza korosho zake, akanishika mkono, tukatoka Marui kwenda Pangani kumwona dada yake, bibi mkubwa, aliyeolewa huko tangu ujana. Tulilala Kariakoo, kesho yake tukapanda basi la Tanga. Tulipita Chalinze na Segera, tukashuka Muheza, na kutoka hapo vumbi na mkonge, mistari kwa mistari, mpaka nikasinzia.

Kwetu Marui maji yalitoka kisimani, tukiyapima kwa kata. Pangani nilikuta maji yamelala mapana kati ya mji na kilima cha Bweni, minazi imeinamia ukingoni, ngalawa zinasubiri.

Mume wa bibi mkubwa, mvuvi mstaafu, alinivusha kwa mtumbwi asubuhi. Katikati akaacha kupiga kafi.

"Onja, mjukuu wangu."

Chumvi. Pembeni yetu kifuu cha nazi kilikuwa kinaelea kuelekea bara. Nikamwambia babu kwamba mto unarudi nyuma. Akasema maji yanajaa, bahari inausukuma, lakini haya maji yametoka Kilimanjaro na Meru na lazima yapite. Jioni, maji yakipwa, akanirudisha palepale. Chumvi ilikuwa imepungua, na takataka zote zilikuwa zinakimbilia mlangoni mwa mto.

Juu ya Bweni alininyooshea kidole kusini-mashariki, baharini, kilipo kisiwa cha Maziwe. Ujanani alipumzika huko chini ya mivinje. Sasa mawimbi yamekula ardhi, miti imekwisha, limebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Tukirudi mjini akanieleza habari za Abushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani na kunyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mama yake babu alikuwa binti mdogo wakati ule. Babu alilitaja jina hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja marehemu wa nyumbani kwake.

Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni baraza ya usiku ule. Bibi mkubwa alitupokea kwa Kiswahili cha Mrima, laini, nami nikadhani Kizaramo cha kwetu kimemtoka. Taa ya chemli ilipopunguzwa, nikiwa mkekani najifanya nimelala, nikamsikia akimuuliza mdogo wake neno moja la Kizaramo, jina la mboga ya porini waliyokuwa wakichuma utotoni. Bibi akalitaja. Akalirudia. Kisha likaja la pili, la tatu, hadi wakawa wanazungumza Kizaramo kitupu, wakipokezana haraka haraka, wakicheka, halafu kimya, halafu pua zikivutwa.

Asubuhi, kituoni, bibi mkubwa alimfunga dada yake kanga kiunoni na kulikaza fundo mara mbili. Hawakuonana tena. Kanga ile bibi aliivaa mpaka maandishi yakafutika.